Michembe ya mwaka huu, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa (kikundi: Ukoo wa Bibi Kabula, Misungwi, Mwanza)

*Jumapili, mwezi wa saba*

Shangazi Holo 16:12
📷 Picha
Michembe hiyo jamani. Jiwe la kuanikia lote limejaa. Mnaotaka mje na magunia yenu 😄

Luhende 16:14
Shikamoo shangazi. Mbona mwaka huu jiwe limekuwa la njano?

Shangazi Holo 16:15
Marahaba mwanangu. Ni vile viazi lishe, aina ya Kabode, marando (mashina ya kupanda) alituletea Mama Kulwa. Vimezaa mpaka nimeshangaa.

Baba Mdogo Masanja 16:19
Kuzaa vimezaa, shida ni kula. Vina maji. Mtu umetoka shamba unataka kiazi cha unga, kile kinachokaba koo, ushushie na maziwa mgando. Hicho cha njano nikila saa saba, saa tisa njaa imerudi.

Milembe 16:20
😂😂 Shikamoo baba mdogo. Wanangu wanagombania hivyo hivyo vya maji

Baba Mdogo Masanja 16:22
Marahaba. Watoto wanafuata utamu. Halafu hiyo rangi wameiingizaje? Isije ikawa ni zile mbegu za kuchezewa maabara.

Mama Kulwa 16:26
Shikamoo baba. Hazijachezewa. Viazi vya njano vipo vya asili, wataalamu wanachavusha maua yake na ya vile vinavyohimili magonjwa ya huku, wanapanda, wanachagua, miaka inapita. Kabode kazi yake iliongozwa na Mganda, Robert Mwanga. 2016 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani yeye na wenzake watatu kwa mambo haya haya ya lishe kwenye mazao.

Baba Mdogo Masanja 16:27
Kumbe jirani. Haya.

Mama Kulwa 16:31
Shangazi, naomba niseme kuhusu hiyo picha, usinikasirikie 🙏🏾 Ile njano ndiyo inayogeuka vitamini A mwilini, na jua kali linaiua. Ya njano inatakiwa ianikwe kivulini penye upepo, juu ya chanja.

Shangazi Holo 16:33
Kivulini si itaota ukungu? Jiwe hilo alianikia mama yangu, nami naanikia hapo hapo. Michembe bila jua ni uvundo mtupu.

Mama Kulwa 16:36
Ukikata nyembamba inakauka. Ila hata ikikauka vizuri, ikikaa gunia miezi minne zaidi ya nusu ya hiyo vitamini imeshapotea. Mimi ningesema jiwe tuachie vyeupe, michembe na matobolwa (vile vya kuchemsha kwanza ndipo tuanike) vitoke huko. Vya njano tule sasa hivi vikiwa vibichi, tuchemshe na maganda yake.

Shangazi Holo 16:38
Hapo umesema. Vyeupe ninavyo debe sita bado sijakata.

Milembe 16:41
Wifi, lakini mwanangu huyu mdogo alipewa matone ya vitamini A mwezi wa sita. Kiazi tena cha nini?

Mama Kulwa 16:45
Matone ni ya kampeni, Juni na Desemba tu, na akifikisha miaka mitano ndiyo basi. Wewe unayenyonyesha hiyo kampeni haikuhusu kabisa, na maziwa yako yanategemea unachokula. Kiazi cha njano gramu 125, yaani kimoja kidogo tu, kinamtosha mtoto kwa siku. Mponde na karanga kidogo, bila mafuta vitamini hiyo haiingii vizuri.

Milembe 16:46
Karanga zipo. Tatizo marando. Mwaka jana kiangazi kilikausha yote, yaliyobaki wakala ng'ombe wa watu. Mvua zinanyesha sina hata kamba moja, nikarudi kuomba.

Luhende 16:47
Hata huku kila mtu analia marando. Oktoba ikifika fungu linauzwa kama dhahabu

Mama Kulwa 16:52
Usihifadhi marando, hifadhi viazi vyenyewe. Chagua vya wastani, visiwe na jeraha wala tundu la fukuzi, wale wadudu wa viazi. Beseni litandike magazeti, mwaga mchanga mkavu, panga viazi visigusane, mchanga tena, viazi tena, mwisho funika na mchanga. Weka ndani ya nyumba. Kila mwezi kagua, kilichooza toa. Wiki 6 mpaka 8 kabla ya mvua vipandwe kwenye kitalu karibu na maji, zungushia miiba. Kiazi kimoja kikichipua kinakupa vipande vya marando kama 40 vya kupanda.

Milembe 16:53
Arobaini?? Kimoja?

Mama Kulwa 16:53
Kimoja. Na mchanga ukitoka juani usiutumie siku hiyo, uache upoe usiku kucha.

Shangazi Holo 16:55
Basi wewe Masanja, matuta yako yale matatu uchimbe wiki hii. Ardhi imeshapasuka, fukuzi wanapita kwenye nyufa hizo. Ukichelewa utachimba uchungu mtupu, hata nguruwe hatakula.

Baba Mdogo Masanja 16:58
Nitachimba Jumanne dada.

Luhende 16:59
Shangazi, gunia langu la michembe usisahau, kuna gari linatoka huko Alhamisi

Shangazi Holo 17:00
Utapata nyeupe. Njano ukiitaka uje mwenyewe, tena wahi.

Milembe 17:02
Mimi beseni ninalo. Mchanga mkavu nitoe wapi, wa mtoni umelowa wote

Baba Mdogo Masanja 17:06
Mchanga upo kwangu, ulibaki tulipojenga choo. Njoo na ndoo, ila iwe jioni, asubuhi nakwenda mnadani. Na humo kwenye beseni nawe niwekee viazi vyangu kumi. Vya wajukuu, mimi sili.

Milembe 17:06
😂😂 Wabeja baba mdogo, nakuja kesho saa kumi na moja