Nani kamweka senta acheze pointi gadi?

Kundi la ukoo, Jumamosi jioni

Mjomba Hamisi: Asalaam aleikum wana ukoo. Nani kagusa timu yangu ya BuzzerBeater, huu mchezo wa mtandaoni wa kuongoza timu ya kikapu?

Mjomba Hamisi: Mechi imeanza, naona senta wangu, lile jitu la sentimita 216, ndiye anayepandisha mpira kama pointi gadi! Robo ya kwanza haijaisha keshapokonywa mara nne

Mwanaidi Muscat: Waaleikum salaam mjomba. Muulize Salim 😂😂

Salim: Shikamoo mjomba. Si ulinipa nywila ukasema nikupangie mazoezi

Mjomba Hamisi: Marahaba. Nilisema mazoezi, sikusema aibu

Salim: Ndiyo mazoezi yenyewe hayo. Kwenye BuzzerBeater mchezaji anajifunza kwa dakika anazocheza kwenye nafasi inayofundishwa. Nimeweka pasi, na pasi inafundishwa kwa pointi gadi. Apate dakika 48 kwa wiki ndiyo anashika somo zima. Akikaa senta hapati kitu

Mama Salim: Jamani nakumbusha michango ya harusi ya Zuhura. Waliokwisha toa wanajijua na ambao bado wanajijua

Mjomba Hamisi: Kapokonywa tena! Mtoe huyo!

Salim: Haiwezekani mjomba. Mpira ukisharushwa kikosi kimefungwa, hata mimi siwezi kugusa. Tunasoma tu

Mama Salim: Hivi mnaangalia nini hasa? Nimechungulia simu ya Salim, maandishi tu yanashuka. Hakuna hata mtu anayekimbia

Mwanaidi Muscat: Shangazi, kompyuta ndiyo inacheza, inaleta tukio mojamoja: fulani kapiga tatu, fulani kafanyiwa faulo. Sisi kazi yetu ni kusajili, kufundisha, kupanga kikosi, kupandisha na kushusha bei za tiketi

Mama Salim: Kumbe ni redio ya kusoma. Haya, afadhali haili bando

Mjomba Hamisi: Mimi nawauliza kitu kimoja. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar, wa pili katika drafti nzima ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Kuna aliyemwambia apandishe mpira? Mrefu kazi yake ni chini ya kikapu

Salim: Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba Stephen Curry. Hao ndio waliokuja kuwa nyota. Nasema tu mjomba

Mjomba Hamisi: Usinipandishe presha

Mwanaidi Muscat: 🤣🤣🤣 Salim utalaaniwa

Salim: Sikiliza basi mjomba. Urefu kwenye huu mchezo unaamua kasi ya kujifunza. Huyu ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kikapu, na kufunga karibu na kikapu atazishika haraka wakati wowote. Pasi na kumiliki mpira ndizo zinamchukua muda, kwa hiyo tumsukume sasa akiwa na miaka 19. Wakizeeka wanajifunza kwa kujikokota

Salim: Halafu kuna mshahara. Watu wanawarundikia masenta ustadi wa ndani peke yake, mshahara unapaa mpaka wanauzwa kwa lazima. Pasi kwa senta haipandishi mshahara namna hiyo

Mwanaidi Muscat: Hapo kwenye mshahara nakuunga mkono. Ila somo kama hilo linatolewa kwenye mechi ya kirafiki katikati ya wiki. Nani anaharibu ligi kwa ajili ya mazoezi?

Salim: Kirafiki ipi dada? Bado tupo kwenye kombe, Jumatano ilikuwa mechi ya kombe. Na hiyo nilimweka senta, nikawaambia wakaze kufa na kupona. Ndiyo maana leo ari yao iko chini

Mwanaidi Muscat: Kwa hiyo ari iko chini NA senta yuko pointi gadi. Kwenye ligi. Sawa kocha

Salim: Mpinzani wa leo ni boti lakini! Mwenye timu alishaondoka kitambo, inajiendesha yenyewe, ya mwisho kwenye msimamo

Mjomba Hamisi: Boti???

Mjomba Hamisi: Mapumziko. 33 kwa 41. Tunafungwa na timu isiyo na mwenyewe

Mama Salim: Pole kaka. Mchango wako wa Zuhura lakini

Mwanaidi Muscat: Angalieni jitu letu linavyokaba sasa. Yule gadi wao mfupi hapati kupiga juu ya mikono ya huyo mtu

Salim: Wapinzani wapo kwenye zoni ya 2-3, wawili mbele watatu chini ya kikapu, tupige nje

Mjomba Hamisi: TATU

Mjomba Hamisi: Tena tatu! Na pasi katoa nani? Jitu lenyewe!

Salim: 😎

Mwanaidi Muscat: Mjomba jana hukujua asisti, pasi inayozaa kikapu, ni nini

Mjomba Hamisi: 79 kwa 76. Imekwisha. Alhamdulillah. Mimi huyu kijana nilimwona tangu drafti, nikasema ana macho ya mchezeshaji

Mwanaidi Muscat: Ooh!

Salim: Mipira iliyopotea 11 mjomba, peke yake. Tusishangilie sana

Mjomba Hamisi: Jumanne anarudi senta. Hao wanaokuja wana mwenyewe, tena yule jamaa aliyenicheka kwenye ubao wa majadiliano wa mchezo

Salim: Dakika 48 keshazipata leo, sina shida. Hata tumpunguzie kidogo, akicheza kupita kiasi fomu inashuka

Mama Salim: HAMISI

Mjomba Hamisi: Dada natuma sasa hivi, subiri ujumbe wa simu. Na Salim, nywila nimeibadilisha

Salim: Sawa mjomba. Ila kikosi cha Jumanne hakijapangwa, yule jamaa bado amesimama pointi gadi

Mjomba Hamisi: Kinapangiwa wapi?