Paa bapa la jengo la biashara: jua kali, mvua kubwa

Swali: Wakuu, slabu ya zege ya mita 20 kwa 30, jua kali mchana, usiku baridi, mvua za kishindo. Tabaka gani la kuzuia maji litadumu?

Jibu 1: Mkuu, anza na mteremko kabla ya tabaka. Chora 1:40 (kushuka mita 1 kwa kila mita 40), maana slabu hupinda na fundi hakosi kukosea kidogo. Ukibaki na 1:80 baada ya ujenzi, maji yataondoka. Matundu ya kutolea maji yasipungue mawili, na uongeze tundu la dharura ukutani. Tundu moja likizibwa na majani, kila sentimita 10 ya maji ni kilo 100 kwa mita ya mraba.

Jibu 2: Naongezea: uvujaji mwingi huanzia kwenye kona na kuzunguka mabomba, katikati ni nadra. Kona ya slabu na ukuta ijazwe mchanganyiko wa saruji na mchanga kwa mshazari wa nyuzi 45, ili karatasi ya lami (ndiyo tabaka lenyewe la kuzuia maji) isikunjwe kwa pembe kali ikapasuka. Ipandishe ukutani milimita 150, kisha ukingo wake wa juu ufunikwe kwa bati. Weka tabaka mbili, maungio yapishane. Na tafadhali, zege likauke kwanza! Unyevu ukinaswa chini, jua huugeuza mvuke na karatasi inavimba malengelenge.

Muuliza swali: Shukrani. Na jua lenyewe?

Jibu 1: Rangi nyeupe ya kuakisi, au kokoto milimita 50 ikiwa mhandisi ameuhesabu uzito wake. Kabla ya hapo jaribu kama paa linavuja: ziba matundu ya kutolea maji, jaza maji saa 48, kagua dari chini.