Re: Laptopu ya Kariakoo imegoma Nairobi, waranti inafanya kazi?

Habari zenu wanajumuiya,

Mimi ni mgeni Nairobi, nimekuja kusoma, nakaa Kilimani. Laptopu yangu ni HP, baba alininunulia Kariakoo kabla sijaondoka. Sasa kioo kinatoa mistari ya kijani. Ukikunja kifuniko kidogo inapotea, ukikifungua inarudi. Nimeipeleka mjini kwa wakala wa HP, kijana wa mapokezi akaniambia waranti yangu "ni ya kwenu". Kuna fundi wa mtaa wa Luthuli yuko tayari kubadilisha kioo leo leo. Niende kwake, niirudishe Dar, au nibishane na wakala? Risiti ninayo, ila imeandikwa kwa mkono.

Naomba mwongozo, kaka na dada zangu.

*

Dada, pole, na karibu Nairobi.

Luthuli usiende kwanza. Si kwamba mafundi wa pale hawajui kazi. Wapo wanaojua kuliko hao wenye kaunta ya vioo. Lakini mashine ikishafunguliwa na mtu ambaye mtengenezaji hamtambui, halafu skrubu moja ikaonekana imekwanguliwa, umempa wakala sababu ya kukukatalia. Na kwa ulivyoeleza, sidhani kama ni kioo. Mistari inayokuja na kupotea ukigeuza kifuniko mara nyingi ni waya wa skrini, ule unaopita kwenye bawaba na kubanwa kila unapofungua na kufunga. Fundi mwenye haraka atakuuzia kioo kizima kwa ugonjwa wa waya. Chomeka laptopu kwenye televisheni kwa HDMI uone. Picha ikitoka safi kule, bodi, ile sakiti kuu ya mashine, huenda haina neno, ugomvi umebaki kati ya waya na kioo. Ukienda kwa wakala na maelezo ya namna hiyo hawakuzungushi sana.

Sasa hilo la "waranti ya kwenu". Inawezekana kijana yuko sahihi, inawezekana alitaka foleni isogee. Jibu liko kwenye namba za mashine. Ipindue, utaona namba ya siriali na namba ya bidhaa. Kwa HP, namba ya bidhaa huishia na alama ya # na herufi tatu zinazoonyesha soko iliyotengenezewa: ABU ni Uingereza, ABA Marekani, ABV nchi za Kiarabu. Bidhaa nyingi za Kariakoo hupitia Dubai, kwa hiyo usishangae kukuta ABV na kibodi yenye herufi za Kiarabu pembeni. Kibandiko kikiwa kimefutika, zima mashine kabisa, iwashe huku unabonyeza F10, namba zimo humo ndani. Kwa wenye Dell ni F2, ThinkPad ni F1.

Namba hizo ziingize kwenye ukurasa wa waranti wa HP wenyewe, usitegemee tovuti ya muuzaji. Utaona inaanza lini, inaisha lini na inakupa huduma gani. Hapo kwenye tarehe ya kuanza ndipo wengi wanapoumia: mtengenezaji asipokuwa na risiti yako, kwa kawaida huhesabu tangu mzigo ulipotoka kwake, si tangu siku baba alipolipa. Mashine iliyolala ghalani muda mrefu inakufikia waranti imeshaliwa nusu. Dawa yake ni risiti inayoeleweka. Hiyo ya mkono haitakufikisha mbali. Mwombe baba arudi dukani awadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi ya Tanzania, waliyopaswa kumpa siku ileile, pamoja na ankara yenye namba ya siriali. Ukipata hizo, zitumwe kwa HP na uombe tarehe irekebishwe. Hilo huwa linafanyika.

Kama ukurasa unasema waranti ipo hai, chapisha karatasi hiyo, rudi kwa wakala, na usiishie mapokezi. Omba wafungue kesi wakupe namba yake. Wakikataa, waombe wakuandikie kwa barua pepe kwamba wamekataa na kwa nini. Mara nyingi hapo ndipo mtu anaitwa kutoka ofisi ya nyuma na mambo yanabadilika.

Kwa wengine mnaofikiria kununua: waranti ya mtengenezaji na waranti ya duka ni vitu viwili, na huku kwetu watu wanavichanganya. Ya duka haivuki mpaka wa Namanga. Ukinunua Kariakoo, anayedaiwa ni yule wa Kariakoo, kwa sheria za kule. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 na ni sheria nzuri, lakini inambana aliyekuuzia hapa. Muuzaji wa Dar haimwumizi kichwa. Hizo laptopu za "ex-UK", yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, zinazojaa Moi Avenue nazo mara nyingi waranti ya kiwandani imeshakwisha. Unachopewa ni ahadi ya duka, na kile kibandiko juu ya skrubu ni cha duka, si cha kiwanda. Sisemi msinunue, bei yake inavutia. Jueni tu mnanunua ahadi ya nani.

Ya mtengenezaji ndiyo inayoweza kusafiri, ila si kila moja. Mashine za ofisi kama ThinkPad, EliteBook na Latitude kwa kawaida zinahudumiwa nchi nyingi kuliko ndugu zao wa bei ya chini. Hata hizo, unapata huduma ya nchi uliyopo. Kama ulilipia fundi akufuate nyumbani, ukivuka mpaka unaweza kuambiwa uilete mwenyewe. Modeli isiyouzwa Kenya inaweza kusubiri kipuri mpaka ukasahau unaisubiri, au ikakataliwa kabisa. Kwa Apple, Mac ina waranti ya mwaka mmoja na hupokelewa hata ukiwa nje ya nchi uliyonunua. Kwenye iPhone na iPad wana haki ya kukubana urudi ulikonunua. Kenya Apple hawana duka lao wenyewe, utakwenda kwa wakala aliyeidhinishwa.

Chai ikimwagika, ikianguka, au stima ikirudi kwa kishindo na kuunguza chaja, hiyo si waranti, ni bima, na bima hununuliwa peke yake. Betri nayo mara nyingi hupewa mwaka mmoja hata kama mashine ina mitatu.

Maoni yangu, na najua hayatawapendeza wenye shemeji Dubai: kama mashine ni ya kukaa Nairobi na si ya daraja la ofisi, inunue Nairobi kwa muuzaji anayetambulika, na risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya Kenya, mkononi. Tofauti ya bei inaliwa na matengenezo ya mara moja tu.

*

Shikamoo kaka. Na mimi nidandie hapohapo. Nimehamia Nairobi na familia kutoka Uholanzi, Dell yangu ni Latitude, ina waranti mpaka mwakani. Nisubiri iharibike ndiyo niulize?

*

Marahaba dada. Usisubiri. Dell wanatofautisha msafiri na aliyehama. Kwenye tovuti yao kuna fomu ya kuhamisha mashine kutoka nchi moja kwenda nyingine. Unaweka ile Service Tag, herufi na tarakimu saba zilizo chini ya mashine, nchi ya zamani na nchi mpya. Ifanye sasa mashine ikiwa nzima. Ukipiga simu Nairobi ikiwa imekufa na kumbukumbu zao zinasema ipo Uholanzi, utaanza na makaratasi kabla ya matengenezo. Kama ilikuwa ya mwajiri, hakikisha pia umiliki umeandikwa jina lako.

*

Kaka, asante sana. Herufi ni ABV kama ulivyosema, na waranti bado ipo. Wakala amekubali kuipokea baada ya kuona karatasi, ila anataka risiti ya EFD na pia nenosiri langu. Nimpe? Na ikishindikana, naweza kuituma Dar kwa basi?

*

Nenosiri usimpe. Fungua akaunti nyingine ya mgeni ndani ya mashine, mpe hiyo, inatosha kabisa kupima kioo. Kabla ya hapo nakili kazi zako zote za chuo kwenye diski ya nje. Na jambo moja ambalo mawakala hawasemi: wakiishia kubadilisha bodi, Windows inaweza kukudai ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga data kwenye diski, tarakimu 48, na usipokuwa nao kila kilichomo kimefungwa moja kwa moja. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, uutafute, uuandike kwenye karatasi. Wakibadilisha bodi kweli, siku ya kuichukua angalia kwa F10 kama namba ya siriali ya ndani inafanana na ya kwenye kibandiko. Zikitofautiana, usiondoke pale kaunta mpaka waiandike upya, maana safari ijayo utaambiwa mashine si yako.

Basi lisiwe la kwanza. Kifurushi kinapita mikono mingi, na kioo hakipendi kulaliwa na magunia. Ikibidi, mpe mtu unayemfahamu anayekwenda Dar aibebe begani, akiwa na nakala ya risiti wakimuuliza Namanga. Akipanda ndege, iwe kwenye begi la mkononi. Na kama betri imeanza kuvimba, isisafiri kwa chombo chochote. Ipelekwe kwa wakala hapahapa waitoe.

Ukishapata namba ya kesi nitumie pembeni, kuna mtu ofisi ya nyuma pale ninayemfahamu.