Familia ya Himbi (Goma): Mmalagasi kafika chini

*Jumatano, 9 Februari 2022*

Patient, 05:04: Mlioamka, olimpiki ya baridi kule Beijing, Shiffrin katoka tena! Yule Mmarekani wa ski. Juzi kwenye slalomu kubwa, zile mbio za kushuka ukikata kona kwenye milingoti, alianguka mwanzoni kabisa, leo slalomu ya kawaida hata sekunde kumi hazijapita kakosa mlango, ile nafasi ya kupita kwenye milingoti.

Dieumerci, 05:06: Patient. Saa kumi na moja. Watu wamelala.

Patient, 05:07: Kakaa pembeni ya njia, kichwa juu ya magoti, haondoki. Na kamera haimuachi.

Mama Furaha, 05:15: Mtoto wa nani huyo? Apewe chai.

Dieumerci, 05:16: Mama, huyo ana dhahabu mbili za olimpiki nyumbani. Hana haja na chai yetu.

Mama Furaha, 05:16: Analia au halii? Apewe chai.

Patient, 05:58: Mimi sikuamka juu ya Shiffrin jamani. Niliamka juu ya Mialitiana Clerc wa Madagaska. Jumatatu kwenye slalomu kubwa alimaliza, wa 41. Leo duru ya kwanza kaimaliza pia, bado ya pili.

Dieumerci, 06:01: Wa 41! Tupige vigelegele.

Patient, 06:02: Shiffrin Jumatatu alikuwa wa ngapi?

Dieumerci, 06:02: 🙄

Dieumerci, 06:09: Halafu nimesoma. Huyo kaasiliwa na Wafaransa akiwa mchanga, kakulia kwenye Alps. Theluji ya Wafaransa, kocha Mfaransa, bendera tu ndiyo ya Madagaska. Mi siiti hiyo Afrika.

Tantine Espérance (Bukavu), 06:20: Kaka Dieumerci, watoto wa Yaya Chantal wamezaliwa Bruxelles. Wakikutumia pesa ya Noeli unawaita damu yako. Au nimekosea?

Mama Furaha, 06:21: 😂😂😂

Dieumerci, 06:22: Hiyo ni tofauti.

Tantine Espérance (Bukavu), 06:22: Tofauti gani?

Tantine Espérance (Bukavu), 06:31: Tunangoja.

Papa Gédéon, 06:48: Amani kwenu. Patient amenionyesha kipande cha juzi kwenye simu yake. Niseme neno moja mimi niliyeteremsha chukudu, skuta yetu ya mbao ya mizigo, toka kule juu Kibumba. Wale wakubwa wanapita wa kwanza, njia ikiwa bado laini. Kila anayepita anachimba kando ya mlingoti. Huyu binti anapangwa na wa mwisho, anakuta mifereji. Ni barabara yetu kabisa, lori zikishapita kwenye mvua. Ukiwa na magunia ya viazi mfereji hauurukii. Unauingia, unakunja goti, na macho yanakuwa kwenye kona inayokuja, siyo chini ya gurudumu. Anayetazama gurudumu ndiye tunamwokota na viazi vyake. Huyu mtoto anatazama mbele.

Papa Gédéon, 06:51: Na mimi nilikuwa na kipande cha mpira wa gari cha kukanyagia gurudumu la nyuma. Yeye hana freni. Anakata kwa ubavu wa zile mbao za ski.

Dieumerci, 06:53: Muzee, chukudu haiko olimpiki.

Papa Gédéon, 06:54: Ndiyo maana sina medali. Lakini sanamu ya chukudu ninayo, pale ronpwe, barabara zinapozunguka.

Tantine Espérance (Bukavu), 06:55: 🤣 Papa Gédéon!

Patient, 07:50: Duru ya pili imeanza. Wanajumlisha muda wa zote mbili. Wale 30 wa mbele wanageuzwa: wa 30 anatangulia, wa kwanza anafunga. Clerc yuko nyuma yao, asubuhi inakwisha ndipo atashuka.

Mama Furaha, 07:52: Na baridi hiyo yote wanangoja huko juu?

Patient, 07:53: Wanangoja, Mama. Na theluji yenyewe ni ya mashine, kule Yanqing, kwenye milima ya Beijing, haianguki ya kutosha.

Dieumerci, 07:55: Basi hata sisi tununue mashine 😂 Kongo haijawahi kupeleka mtu.

Papa Gédéon, 07:58: Theluji tunayo Ruwenzori. Margherita, mita 5,109. Ila inayeyuka, na kufika kwenyewe ni kwa miguu.

Patient, 08:41: Vlhová wa Slovakia kachukua dhahabu! Duru ya kwanza alikuwa wa nane. Mjerumani aliyeongoza kaishia wa nne, hana kitu. Nchi ya Slovakia ndiyo medali yao ya kwanza kabisa kwenye ski za milimani.

Patient, 09:20: KAFIKA CHINI! Clerc wa 43!! Mbio mbili, zote kamaliza.

Mama Furaha, 09:21: Aksanti Yesu 🙌🏾

Dieumerci, 09:24: Sawa, hongera yake. Lakini usiniambie nchi ndogo yoyote inaweza kushinda. Slovakia ni milima mitupu.

Patient, 09:26: Kaka, Liechtenstein unaijua? Watu kama 39,000.

Dieumerci, 09:26: Hiyo ni nchi au ni kakartye, kamtaa tu?

Patient, 09:31: Medali 10 za olimpiki ya baridi, zote za ski za milimani. Ya kiangazi hawajapata hata moja. Sasa sikiliza: 7 kati ya hizo 10 ni za nyumba moja. Hanni Wenzel ana 4, na mwaka 1980 pale Lake Placid alichukua dhahabu mbili na fedha. Kaka yake Andreas ana 2. Halafu 2018 binti wa Hanni, Tina Weirather, akaleta shaba.

Mama Furaha, 09:33: Mama, mjomba na mtoto?!

Patient, 09:33: Na tatu zilizobaki, mbili ni za ndugu wawili tena, Willi na Paul Frommelt.

Mama Furaha, 09:35: Na mimi wangu wanne hata kuchota maji wanatumana.

Tantine Espérance (Bukavu), 09:36: Huyo Hanni alipika saa ngapi?

Dieumerci, 09:40: Milima mlangoni, mabenki kila kona, baba na mama mabingwa. Mimi pia ningeshuka.

Papa Gédéon, 09:42: Wewe ulishindwa kushusha chukudu tupu pale Majengo, na mbuzi wa watu akalipwa.

Tantine Espérance (Bukavu), 09:42: 🤣🤣🤣🤣

Dieumerci, 09:43: Muzee hiyo ilikuwa zamani.

Patient, 09:50: Jumapili ni wanaume, slalomu kubwa. Kuna Abeda wa Eritrea, na Mghana mmoja, Carlos Maeder, ana miaka 43.

Papa Gédéon, 09:51: 43? Huyo nitamwamkia. Saa ngapi?

Patient, 09:51: Saa kumi na robo usiku. Ila mega zangu za intaneti zimeisha leo.

Mama Furaha, 09:53: Dieumerci atanunua.

Dieumerci, 09:58: Kwa nini mimi?

Tantine Espérance (Bukavu), 09:58: Juu ya ile pesa ya Noeli.