Mjadala: Wakazi wa mteremko wa Marakwet wahamishwe msitu urudi, au waachwe?

Jogoo wa Mauche: Tangu maporomoko ya udongo ya Chesongoch, huko Marakwet, usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, nimesikia kila lawama: mvua, serikali, hata Mungu. Nauliza hivi: mteremko ule uendelee kulimwa au urudishiwe msitu? Mizizi hushika udongo, na mti hunyonya maji ambayo yangeulainisha. Ukikata mti leo huoni kitu. Mizizi inaoza polepole, miaka michache baadaye mlima unateremka na wewe ulishasahau. Mimi ningehamisha wote. Watu wanachoma makaa halafu wanalia.

Mwanakerio: "Wanachoma makaa halafu wanalia." Kuna watu walizika watoto, na wewe unaandika hivyo ukiwa umekunja nne? Wengi wetu huku chini ni watu wa maembe na mbuzi, makaa yametoka wapi? Kilichotuua kilianzia juu. Na tukizungumzia misitu, hapo Mauche unapolima viazi palikuwa nini kabla hujafika? Si palikuwa msitu wa Mau?

Jogoo wa Mauche: Mimi nina hati ya shamba. Usinilinganishe na watu wa mteremkoni.

Mwanakerio: Hati inashika udongo?

Nyar Ahero: 😂😂 Hilo limeingia. Lakini ndugu zangu wa milimani, mkimaliza kutukanana mtukumbuke na sisi wa bondeni Nyando. Udongo wenu wa Nandi na Tinderet tunaupokea sebuleni kila masika. Nyie mnakata, sisi tunachota matope kwa karai.

Fundi wa Maragoli: Jameni, miti ni miti. Kilima chetu kilibaki upara miaka ya tisini. Mimi nimepanda mikaratusi upande wangu, nauza nguzo, watoto wanasoma na udongo uko palepale. Bungoma, Pokot, Marakwet, pandeni mikaratusi mwache kelele.

Nyar Ahero: Mikaratusi tena! Umesahau marehemu Michuki, akiwa waziri wa mazingira, alivyotaka ing'olewe kandokando ya mito? Inakausha chemchemi, na chini yake hapaoti hata nyasi. Mvua ikipiga pale udongo unakimbia.

Fundi wa Maragoli: Mama, sikupanda mtoni, nimepanda kilimani. Na kama inakunywa maji, si ndiyo vizuri? Jogoo ametuambia maji ndiyo yanayolainisha udongo.

Nyar Ahero: Nawe ukishavuna nguzo zote siku moja, nani atakunywa hayo maji?

Fundi wa Maragoli: Inachipuka. Kata leo, mwakani njoo uone.

Mjukuu wa Elgon (Chwele): Mmehamia kwenye nguzo. Mimi nina wajomba ng'ambo ya pili ya Mlima Elgon, Bududa, Uganda. Machi 1, 2010 kijiji cha Nametsi kilifunikwa, wakafa mamia. Manusura walipelekwa Kiryandongo, mbali kabisa na mlima, na wengi wakarudi. Kwa hiyo Jogoo, "kuhamisha wote" unakusema haraka sana. Pili, mizizi ina kikomo. Udongo wa juu, ndiyo, msitu unausaidia sana. Lakini mpasuko ukiwa chini kabisa ya mizizi, mti unateremka nao ukiwa umesimama wima. Kwa mjomba kuna ufa uliokata shamba la migomba. Mvua ikinyesha mtaro unamwaga maji mle ndani, na huyaoni yakitokea upande wa pili. Pale utapanda mti gani? Kwanza geuza mtaro.

Jogoo wa Mauche: Kwa hiyo miti haina kazi? Basi hata mafuriko ya Mai Mahiu 2024 mseme ni ufa. Bwawa lilipasuka kwa sababu huko juu miti iliisha.

Mjukuu wa Elgon (Chwele): Sikusema haina kazi, soma tena. Na Mai Mahiu halikuwa bwawa. Maji yalikwama nyuma ya tuta la reli, mfereji wa chini ulikuwa umezibwa na uchafu na magogo, tuta likaachia usiku. Bwawa ni Solai, 2018. Zote ziko kaunti yako, Nakuru.

Jogoo wa Mauche: Tuta, bwawa, watu si walikufa?

Mwanakerio: Nirudi kwenye kuhama. Watu wa msitu wa Embobut, huku kwetu Marakwet, waliahidiwa laki nne kila familia watoke msituni, kisha Januari 2014 nyumba zikachomwa. Baadhi yao walikuwa wameingia mle kwa sababu maporomoko ya zamani yaliwatoa kwao. Fikiria hiyo: mlima unakufukuza, unakimbilia msituni, msituni nako unafukuzwa. Laki nne unanunua ekari ngapi Uasin Gishu?

Fundi wa Maragoli: Hata robo ya heka inakushinda siku hizi.

Nyar Ahero: Fundi, bado sijamalizana nawe. Chini ya hiyo mikaratusi kuna nyasi au hakuna?

Fundi wa Maragoli: Zipo kidogo.

Nyar Ahero: Piga picha.

Jogoo wa Mauche: Mnakwepa swali langu. Mteremko wa zaidi ya nyuzi thelathini haufai jembe, basi.

Mwanakerio: Sawa mzee. Hati yako ya Mauche ilitolewa mwaka gani? Ukijibu hilo, tutaanza kuhama pamoja, wewe ukitangulia.