Jiwe jeusi la Marsabit lenye bonge la kijani ndani, na vidoa vyeusi... lilikuwa wapi kabla?

Mwl_Gof
Habarini wote. Nafundisha jiografia sekondari huku Marsabit na wiki iliyopita mwanafunzi wangu wa fomu tatu kaniletea jiwe aliloliokota kando ya gof karibu na kwao, na kwa wasiojua, gof ndio tunavyoita yale mashimo makubwa ya volkeno huku. Kwa nje ni jiwe letu jeusi la kawaida, zito, lina vitundu vitundu. Lakini tulipolipasua kwa nyundo ndani kuna bonge la kijani kama ngumi ya mtoto, punje punje zinazong'aa kama chupa ya soda iliyovunjika, na mpaka kati ya kijani na weusi umekatika kabisa utadhani mtu alilichomeka. Halafu ndani ya hiyo kijani kuna vidoa vyeusi vya duara, saizi ya pilipili manga, vinne au vitano hivi.

Sasa tatizo langu. Miaka yote nimefundisha kwamba chini ya ganda la dunia kuna mantili na mantili ni uji wa moto, volkeno ikilipuka ule uji ndio unatoka. Kama ni uji, hili bonge gumu limetoka wapi? Mtoto ameniuliza "mwalimu, hili jiwe lilikuwa wapi kabla ya kuja hapa" na sikuwa na jibu, nikamwambia nipe wiki moja. Sitaki nimjibu kwa kubahatisha, huyu ana jicho. Naombeni msaada.

NyundoNaLenzi
Mwalimu, kwanza mpe hongera zangu huyo mtoto maana watu wanapita juu ya hayo mawe kila siku hawainami hata.

Hicho kijani ndicho mantili yenyewe. Wanajiolojia wanaita zenolithi, yaani jiwe mgeni: volkeno ilipokuwa inapanda ilibandua kipande cha mwamba njiani ikapanda nacho. Mwamba wenyewe jina lake peridotiti. Ile kijani ya chupa ni olivini, ndiyo nyingi kuliko zote. Ukiangalia kwa lenzi utaona pia punje za kahawia kahawia na chache za kijani kibichi kabisa kama zumaridi, hizo ni piroksini za aina mbili. Na lazima lilipanda haraka, masaa mpaka siku chache, kwa sababu peridotiti ni nzito kuliko magma (mwamba ulioyeyuka) iliyoibeba, ingekawia tu lingezama lirudi lilikotoka.

Kuhusu uji, hapo naomba ubadilishe notisi zako. Mantili ni mwamba mgumu. Tunajua hivyo kwa sababu mawimbi ya tetemeko ya aina ya S hayapiti kwenye kimiminika, na kwenye mantili yanapita vizuri tu mpaka yanakuja kukwama kwenye kiini cha nje, kule ndiko kuna kimiminika kweli. Mantili inatambaa, hilo sikatai, lakini ni sentimita chache kwa mwaka, na inatambaa ikiwa ngumu vile vile kama barafu kubwa za milimani zinavyoshuka taratibu bila kuyeyuka.

Sasa vidoa. Mwalimu hapo kwenye vidoa nimesoma mara mbili. Una picha?

Mwl_Gof
Nimepiga kwa simu kupitia lenzi ya maabara, nimeweka hapo. Kidoa sio cheusi tupu kumbe, kina mistari mistari myembamba imesokotana, mweusi na kijani kahawia, kama alama ya kidole gumba.

NyundoNaLenzi
Ndicho nilichokuwa nakisubiri. Kaa chini mwalimu nieleze vizuri.

Peridotiti ina alumini kidogo na hiyo alumini lazima ipate pa kukaa. Pa kukaa panategemea mgandamizo, yaani kina. Chini sana, kuanzia kama kilomita 70 kwenda chini (inategemea na joto) inakaa ndani ya madini yanayoitwa ganeti. Juu ya hapo ganeti haiwezi kuvumilia, inavunjika, alumini inahamia kwenye spineli ambayo ni nyeusi. Na ukipanda zaidi mpaka kama kilomita 30 inahamia tena kwenye madini mengine, plagioklesi. Kwa hiyo ukimkuta jiwe na madini yake unajua alikuwa anaishi ghorofa ya ngapi.

Kidoa chako ni ganeti iliyokufa. Ilikuwa duara moja, mgandamizo ukapungua, ikabadilika kuwa spineli na piroksini zilizosokotana pale pale ilipokuwa bila kuhama, ndio maana umbo la duara limebaki na ndani kuna hiyo alama ya kidole. Ganeti haibadiliki hivyo kwa safari ya siku mbili ndani ya lava, kwa haraka ile inapata ukingo mwembamba tu pembeni. Kubadilika yote mpaka katikati kunataka muda mrefu sana, jiwe likiwa limekaa kule chini lakini juu kidogo ya lilipozaliwa.

Na nani alilipandisha? Huku kwenu chini ya lava na mchanga kuna bonde la ufa la zamani limezikwa, Bonde la Anza, linatoka upande wa Lamu linakuja kaskazini magharibi mpaka kuelekea Turkana. Lilifunguka enzi za dinosaria, nyakati ambazo Madagaska ilikuwa inabanduka kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Bara likivutwa linakonda, kama chapati mbichi unapoivuta pande mbili, katikati inakuwa nyembamba na kilicho chini kinapanda kujaza nafasi. Mantili ya Marsabit ilipanda hivyo, ikapoa, ganeti zikafa. Ufa wa Anza haukufika mwisho, uliacha njiani, na mawe yakabaki yamekaa hapo kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Halafu volkeno za Marsabit, ambazo kijiolojia ni za juzi tu, zikaja zikayachota. Mawe ya Marsabit yalichunguzwa na watafiti, kazi yao ikatoka 2006, na hadithi waliyoisoma kwenye vidoa kama hivyo ndiyo hiyo.

Kwa hiyo mjibu mtoto: lilikuwa kilomita makumi kadhaa chini ya miguu yake, na kabla ya hapo lilikuwa chini zaidi.

VitoArusha
Nami niongeze kidogo, mimi nakata vito huku Arusha. Olivini ikiwa kubwa na safi ndiyo peridoti tunayouza. Ila hizi za kwenye bonge la lava usitegemee sana, dalali mmoja aliniletea mfuko nikanunua, nilipoweka chini ya lenzi nyingi zina nyufa ndani kama kioo cha gari kilichogongwa, zikishika gurudumu zinapukutika.

Kwetu upande wa Monduli kuna kilima kinaitwa Lashaine, nimewahi kushika kipande cha huko, humo ganeti bado ziko hai mwalimu, nyekundu ya zambarau, na zina ule ukingo mweusi mwembamba dada aliousema. Nilikuwa sijui maana yake mpaka leo nimesoma hapa.

NyundoNaLenzi
@VitoArusha shukrani kaka, Lashaine ndio mfano mzuri wa kulinganisha. Kule ufa wa sasa bado mchanga, mantili ya chini haijapandishwa kiasi cha kuua ganeti. Na ukienda Labait, karibu na Hanang, pembeni kabisa ya ile kratoni ya Tanzania (kipande cha bara cha kale sana na kigumu), kuna peridotiti zilizoyeyushwa mara ya kwanza zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, nusu ya umri wa dunia na zaidi, na bado zimeshikilia hapo chini. Lakini zile zilizotoka chini kabisa, karibu kilomita 140 na kuendelea, zimeshaliwa: magma mpya ya chini imepenya ikaziongezea chuma, zimebadilika tabia. Yaani mzizi wa bara unaanza kugugunwa kutokea chini kabla hata juu hatujaona kitu. Upande wa Ol Doinyo Lengai nako mawe mengi yamejaa mika nyeusi, maana yake vimiminika vyenye maji na potasiamu vilipita kwenye nyufa vikapika upya mwamba mzima.

Mwl_Gof
Nimewaelewa na nimeshangaa. Lakini sasa kama mantili ni ngumu, lava inatoka wapi?

NyundoNaLenzi
Swali zuri. Ushawahi kupika maharage ukiwa juu mlimani? Hayaivi kwa sababu maji yanachemka mapema, moto ule ule lakini hewa inakandamiza kidogo. Mwamba nao hivyo hivyo. Ukiwa chini umekandamizwa sana, hata kwa nyuzi 1,300 unabaki mgumu. Ukipanda, joto lake linashuka kidogo sana, karibu nusu nyuzi kwa kila kilomita, wakati kiwango cha kuyeyukia kinashuka kama nyuzi tatu kwa kilomita. Mwishoni vinakutana na jiwe linaanza kutoa jasho. Hakuna aliyeongeza moto, mgandamizo tu umepungua. Na haliyeyuki lote, ni asilimia chache, zile sehemu rahisi kuyeyuka zinaondoka kama basalti, lile jiwe lenu jeusi, na kinachobaki ni olivini nyingi na piroksini ya kahawia. Magma ikipita baadaye inaweza kurudisha kilichotolewa. Kule Lherz, milima ya Pyrenees Ufaransa, mwamba uliochukuliwa miaka mingi kuwa ndio mantili ambayo haijaguswa, ulikuja kuonekana ni mantili iliyokuwa imeshakamuliwa halafu ikalishwa upya.

PwaniHadiLisbon
Habari za jioni, mimi mtoto wa Tanga niko Lisbon nasoma jiolojia ya bahari, nimeona niseme upande wa pili, ufa ukifika mwisho inakuwaje, kwa sababu huku mbele yetu baharini ndio mfano wenyewe.

Spaini na Ureno zilipoachana na upande wa Kanada, bara lilivutwa likakonda mpaka mahali fulani ganda likaisha kabisa na mantili ikatokeza sakafuni mwa bahari, tena bila volkeno nyingi. Mwaka 1985 meli ya uchimbaji JOIDES Resolution ilitoboa pembeni ya Galicia, kaskazini magharibi mwa Spaini, ikakuta mgongo wa peridotiti, wakarudi 1993 na 1997 kusini kidogo wakakuta tena. Lakini haikuwa ya kijani ya chupa kama ya mwalimu. Maji ya bahari yalishuka kwenye nyufa, na mantili ikishapoa chini ya nyuzi 400 au 500 hivi olivini inayanywa, inageuka sapentini. Nimeshika vipande vya sapentiniti, kijani cheusi, kinateleza mkononi utasema jiwe la Kisii ingawa asili yao tofauti, na kina mishipa myeupe kila upande kama nyama yenye mafuta. Sapentini ina maji karibu asilimia 13 ya uzito wake, fikiria hiyo, jiwe limekunywa maji! Linavimba, linapungua uzito kutoka gramu 3.3 mpaka kama gramu 2.6 kwa kila sentimita ya ujazo, chuma chake kinakuwa magnetaiti (madini yenye sumaku) na kunatoka gesi ya hidrojeni. Na kwa sababu ni laini, nyufa kubwa zinateleza juu yake kwa urahisi, hivyo bara linazidi kuachana. Yaani mwamba unaobadilishwa na ufa unausaidia ufa.

KijanaWaNarok
Kwa hiyo ule ufa mkubwa wa ardhi uliotokea Suswa 2018 ndio hiyo mantili inakuja?

NyundoNaLenzi
Hapana ndugu yangu. Pale mvua kubwa ilifukua majivu laini ya volkeno yaliyokuwa yamejaza mtaro wa zamani. Ufa wa Kenya unafunguka milimita chache kwa mwaka. Mantili iko mbali sana hapo.

Mwalimu, ushauri wa mwisho: msilitoe bonge lote kwenye jiwe jeusi, ule mpaka ndio ushahidi kwamba limebebwa. Sawazisheni upande mmoja tu kwa sandipepa ya maji, muanze na ya mikwaruzo mikubwa mmalizie na laini kabisa, vidoa vitaonekana vizuri.

Mwl_Gof
Tumefanya leo mchana darasani na maji ya ndoo, zaidi ya saa nzima tunasugua kwa zamu. Vidoa ni saba, sio vitano. Na kimoja kina kitone chekundu katikati, kidogo kama kichwa cha pini. Mtoto ndiye aliyekiona, akauliza "hii bado haijafa?"

NyundoNaLenzi
Niwekee picha sasa hivi. Na msisugue tena hapo.