Tupeane uzoefu: Hoteli ya kifahari kwenye mji wa pwani, wewe uliichaguaje?

Nanga (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tukusanye hapa yaliyotukuta wenyewe, si ya kusikia, kuhusu kuchagua hoteli ya kifahari, ile yenye mvuto hasa, kwenye mji ulio ufukweni. Naanza mimi.

Tulipotimiza miaka 10 ya ndoa, mimi na mume wangu tulijipa siku nne za kupumzika. Wiki tatu nzima, kila usiku nilikuwa kwenye picha za hoteli. Nikapata moja iliyonikaa moyoni: ukumbi wenye dari refu, ngazi ya mzunguko, bwawa ambalo maji yake yanaonekana kama yameungana na bahari. Nikalipia chumba cha kutazama bahari. Tulipofika, ili uione bahari ilibidi utoke kwenye roshani, usogee hadi kona ya kushoto, uegemee reli, ndipo uipate kati ya jengo la jirani na matangi ya maji. Mbele yetu kabisa kulikuwa na paa la jiko na feni za kutolea moshi zilizovuma tangu alfajiri.

Mapokezi walinijibu kwa upole kwamba chumba kile kwao kinaitwa "bahari kwa upande". Nikarudi kusoma uthibitisho wangu. Neno "upande" lilikuwepo, mstari wa sita. Nililia, na si pesa iliyoniliza. Siku zile tulikuwa tumezingoja mno.

Nataka tujiandae kwenda tena, na safari hii nataka nijue ninachouliza.

Funguo Tisa

Pole sana dada Nanga. Nimekaa mapokezi miaka tisa, hoteli mbili za ufukweni, na kilio kama chako nilikipokea karibu kila wiki.

Mgeni huamini amenunua chumba alichokiona pichani. Alichonunua ni aina ya chumba. Aina moja inaweza kuwa na vyumba 40: kimoja ghorofa ya pili juu ya lango la kushushia mizigo, kingine ghorofa ya kumi na moja kwenye kona, na bei ni ile ile. Nani anapata kipi? Tulikuwa tunapanga usiku wa kuamkia siku ya kufika au asubuhi yake, tukianza na wageni wa kudumu, kisha wale ambao maombi yao yameandikwa kwenye nafasi waliyoweka. Aliyefika saa nne usiku bila kuomba chochote alipata kilichobaki.

Kwa hiyo andika mapema, tena andikia hoteli yenyewe hata kama ulilipia kwa wakala. Usiulize "je, chumba kinaona bahari?" Utajibiwa ndiyo. Uliza: "Nikiwa nimeketi kitandani, naona nini dirishani? Chini ya dirisha kuna nini? Ukumbi wa muziki au wa sherehe uko ghorofa gani?" Mtu wa mapokezi akiulizwa hivyo anainuka anakwenda kuangalia, au anamuuliza mhudumu wa usafi, na hao wa usafi ndio wanaojua vyumba kuliko meneja. Piga simu mchana baada ya wageni wa asubuhi kuondoka na kabla wapya hawajaanza kuingia, utapata mtu mwenye nafasi ya kukusikiliza.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawaambiwi. Hoteli nyingi huuza vyumba kuzidi vilivyopo kwa sababu baadhi ya wageni hawafiki. Wote wakifika, kuna anayehamishiwa hoteli nyingine. Mara nyingi ni aliyelipia usiku mmoja tu na amechelewa kufika. Ukijua utafika usiku, wajulishe saa yako.

Fundi Mvuke

Mimi ni fundi wa viyoyozi, sehemu kubwa ya kazi yangu ni majengo ya ufukweni, naomba niseme la upande wangu.

Chumvi husafiri na upepo wa bahari. Inatua kwenye mapezi ya alumini (vile vibati vyembamba) ya mashine za nje za viyoyozi, kwenye bawaba, kwenye vitasa, kwenye reli za roshani. Na chumvi hunyonya unyevu wa hewani, basi chuma kinabaki kimelowa hata siku ambayo haikunyesha. Hata chuma cha pua, kile kinachosifiwa kwa kutoshika kutu, huota madoa ya kutu kisipooshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Ndiyo maana hoteli ya ufukweni iliyong'aa siku ya kufunguliwa inaweza kuchoka upesi kuliko ya mbali na maji. Inategemea matunzo, na matunzo yanaonekana.

Nikichagua hoteli naziacha picha za matangazo, naangalia za wageni za miezi ya karibuni. Kitanda hakinishughulishi. Natafuta bawaba za mlango wa roshani, miguu ya viti vya bwawani, pembe za dari bafuni. Bawaba zikiwa na kutu na pembe zikiwa nyeusi, najua na mitambo isiyoonekana iko katika hali hiyo hiyo. Kwenye maoni natafuta maneno matatu: harufu, kelele, ukarabati.

Na mkiwa chumbani, tafadhali msifungue mlango wa roshani huku kiyoyozi kinafanya kazi. Hewa ya joto ikigusa kuta zilizopoa, unyevu wake unageuka maji, na ukungu unaanzia hapo. Hoteli makini huweka swichi mlangoni inayozima kiyoyozi mlango ukiwa wazi. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza kiyoyozi kizima kabisa, kumbe mlango umeachwa wazi kidogo tu.

Bi Mwezi

Langu ni fupi lakini lilinigharimu. Nilichagua hoteli kwa ajili ya kuogelea baharini. Chumba safi, wahudumu wenye adabu, samani za mbao za kupendeza sana. Nikafika wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Asubuhi nashuka na taulo langu, bahari imekupwa mbali, mbele yangu matope, mwani na mawe. Sikuwa nimeangalia jedwali la maji hata mara moja.

Sasa naangalia mwezi kabla ya tiketi. Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50. Ukikaribia mwezi mpevu au mwezi mwandamo yanapwa zaidi na kujaa zaidi. Anayetaka kuogelea mchana atafute siku ambazo maji yatakuwa juu saa za mchana. Miji mingi ya bahari ya Mediterania haina shida hii, maji huko hayapandi wala kushuka sana.

Kalamu ya Mbao

Nachora majengo kwa kazi, na hoteli za pwani nazipenda tangu niko chuoni. Niwaombe kitu: msiogope jengo la zamani. Mvuto wa hoteli kama Negresco ya Nice, iliyofunguliwa 1913, au Copacabana Palace ya Rio de Janeiro, ya 1923, hauwezi kununuliwa leo kwa kubandika marumaru. Dari zake ni ndefu, mwanga unaingia kwa mpangilio, ngazi zimejengwa mtu apande polepole. Ila zote mbili zina barabara kubwa kati ya mlango na mchanga. Anayetaka kutoka chumbani peku hadi majini aangalie ramani kwanza, kwa sababu picha iliyopigwa kutoka juu huifanya barabara isionekane.

Galle Face ya Colombo, ambayo ni ya 1864, yenyewe mawimbi yanapiga ukutani kwake. Ni uzuri wa kipekee, lakini anayelala kwa taabu ajue kwamba bahari hainyamazi usiku.

Katika majengo ya zamani vyumba havifanani hata ndani ya aina moja, omba mita za mraba. Katika majengo mapya ya vioo, omba kujua dirisha linaelekea wapi. Nililala ghorofa ya juu, ukuta mzima kioo, unaelekea magharibi. Machweo yalikuwa ya ajabu, na kuanzia saa nane mchana hatukuweza kukaa chumbani bila kushusha mapazia yote. Tulilipia mandhari tukaishi gizani.

Chumba 7

Kuhusu nyota za hoteli: hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. Kila nchi ina utaratibu wake, kwingine ni wizara, kwingine ni chama cha wenye hoteli, na mara nyingi kinachohesabiwa ni vitu: lifti, saa za mapokezi, ukubwa wa chumba. Ladha haihesabiwi. Burj Al Arab ya Dubai, iliyofunguliwa 1999, watu huiita ya nyota saba, lakini daraja hilo halipo rasmi. Mimi hoteli iliyonifurahisha kuliko zote ilikuwa ya nyota nne, vyumba 18, na kila kiti kilikuwa kimewekwa mahali ambapo ungetaka kukaa.

Nanga

Nimesoma kila neno, asanteni sana. Jana niliandikia hoteli tatu swali la Funguo Tisa kama lilivyo. Moja haikujibu. Ya pili ilinitumia kipeperushi. Ya tatu, mtu wa zamu ameingia chumbani, ameketi kitandani akapiga picha kwa simu yake, dirisha linaelekea mashariki, chini kuna bustani kisha mchanga, barabara iko nyuma ya jengo. Bi Mwezi, nimesogeza tarehe siku nne ili maji yajae saa sita hivi mchana.

Fundi, kwenye picha ile bawaba ya juu ya mlango wa roshani naiona ina rangi ya kahawia. Naiweka hapa chini, naomba uniangalizie kabla sijalipa.